Waliokulia Malindi na Ngomeni enzi za roketi, tupeane uzoefu

Kibaoni: Juzi nimepita Ngomeni nikayaona yale majukwaa ya San Marco, ya Wataliano ya kurushia roketi, bado yamesimama baharini. Roketi ya mwisho ilirushwa Machi 1988, mi nilikuwa mdogo. Mliokuwepo semeni, watoto wetu wanadhani Malindi ni hoteli na mchanga tu.

Mwana wa Nahodha: Jamhuri Dei 1970, shule imefungwa, babangu katoka na mashua alfajiri na kawaida adhuhuri keshatia nanga. Saa nane kasoro mchana tukasikia ngurumo yatoka baharini na mvua hakuna, kutazama ni moto unapanda na moshi nyuma, na baba hajarudi!! Mamangu akakimbia ufuoni leso ikamdondoka hakuiokota, wanawake wanalia kama wako matangani, mimi nimemshika dadangu mkono natetemeka. Magharibi ndio tukaona tanga. Baba akashuka akaomba maji, hakusema neno mpaka kesho yake. Ukubwani ndio nikasoma kwamba ile ilikuwa setilaiti ya Wamarekani, Wataliano wakawarushia, ikaitwa Uhuru kwa ajili ya siku ile, na ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei za angani. Mamangu kafa hajui.

Mama Salma: Pole mzee wangu. Bibi yangu naye akisimulia hivyo hivyo.

Kijana wa Nyali: Ila tusikuze mambo kana kwamba Wataliano wa roketi ndio walioijenga Malindi, ilikuwa na hoteli za Waingereza kabla ya profesa Broglio, mkuu wa mradi wa San Marco, kufika.

Shela 2: Na Kiitaliano wanachoongea mabichiboi walifundishwa na Waingereza?? Mainjinia wa Roma walikuja miaka ya 60, wenzao wakafuata, wakajenga. Wewe ni wa Mombasa, tulia.

Mngomeni: Malindi mkapata majumba, sisi tulio karibu na mitambo tukabaki kutazama juu. Hilo hamlisemi.

Fizikia: Kwa wanaouliza kwa nini kwetu: karibu na ikweta uso wa dunia unazunguka kwa kasi zaidi, roketi ikielekea mashariki inapata msukumo wa bure, na mbele ni bahari tupu.

Kibaoni: Nataka kuwapeleka wanangu, inakuwaje?

Shela 2: Kodi mashua maji yakijaa, nenda.

Mngomeni: Usimsikize, omba ruhusa kwanza utarudishwa.

Mama Salma: Jifunze Kiitaliano kidogo, utakaribishwa na kahawa 😄

Fizikia: Mzee wa Nahodha, yule dada uliyemshika mkono yupo? Mwambie naye aandike.