Naomba ushauri: kutenganisha nyota changa za NGC 2024 na nyota za nyuma yake

Ndugu wanachama, nachambua fungunyota changa lililofichwa na vumbi ndani ya nebula (wingu la gesi na vumbi) NGC 2024, jirani na nyota Alnitak katika kundinyota la Jabari, kwa vipimo vya infraredi vya 2MASS (mradi uliopima anga nzima) vya mikromita 1.25, 1.65 na 2.17. Nyota ya mbali iliyo nyuma ya wingu huonekana nyekundu kwa sababu ya vumbi, na nyota changa yenye kisahani chake cha gesi na vumbi kinachoizunguka huonekana nyekundu vilevile, kiasi kwamba mchoro wa rangi (unaolinganisha tofauti za mng'ao kati ya mawimbi hayo) peke yake hauzitenganishi vizuri. Je, niongeze vipimo vya darubini ya Spitzer vya mikromita 3.6 na 4.5, ambako visahani hujidhihirisha zaidi, ilhali mng'ao wa nebula yenyewe (katikati ni balaa) humeza nyota hafifu? Na eneo la kulinganishia nje ya wingu, mnalichagua kwa vigezo gani?