Tupeane uzoefu: mlioingia sheria mkitokea kwenye siasa na uhasibu, njia ilikuwaje?

Gunia Kumi (mleta mada):

Wakuu, heshima mbele.

Nipo mwaka wa tatu wa sheria hapa Dodoma. Wenzangu wengi darasani wametoka HKL na HGL moja kwa moja, yaani historia na lugha kidato cha sita. Mimi nilisoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu), nikachukua diploma ya uhasibu, nikatunza vitabu vya wafanyabiashara, nikaingia siasa za kata, ndipo nikaja huku. Naamini humu ndani nipo na wenzangu wa njia za mzunguko.

Nimekulia Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Mnaopita barabara ya Morogoro mnapajua kwa soko la mahindi. Mzee wangu alikuwa dalali pale, na ugomvi wa pale miaka yote ni ushuru. Mwaka 2017 serikali ilipoondoa ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, mimi nilikuwa nimeshamaliza diploma na namfanyia tajiri mmoja hesabu. Basi watu wakaanza kugawa: gunia kumi kwenye gari hili, gunia nane kwenye lile. Mzigo wa mtu mmoja ndani ya magari mawili ni mzigo mmoja au miwili? Getini watu wanabishana mpaka jua linazama, na kila upande una hoja. Sikujua kama huo ubishi una chuo chake.

Siasa nilivutiwa na daftari. Kuna mzee alikuwa anatafuta udiwani 2020 (chama sikitaji, uzi usije ukageuka) akataka mtu wa kumtunzia gharama za kampeni. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inamtaka mgombea atoe hesabu kwa chama chake, na chama kipeleke kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Nikafungua vitabu: mafuta, spika, mabango, mawakala. Halafu ikaja safu moja ambayo mzee alitaka iitwe "wageni". Ilikuwa inanenepa kila jioni kuliko safu zote. Nikamwuliza, mzee, wageni hawa wanatoka wapi? Akasema, "Wewe andika, kijana." Niliandika kwa jina lake halisi: chai ya wajumbe. Tukakorofishana, na hesabu akampa mtu mwingine.

Mwaka wa kwanza chuoni tukafundishwa kesi ya takrima (ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura), ile ambayo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake waliishtaki serikali. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vilivyoruhusu takrima wakati wa uchaguzi, kwa kuwa vinavunja Katiba: mgombea mwenye hela na asiye nayo hawawi sawa. Darasa zima wanaandika notisi, mimi naiona safu ya wageni.

Ndiyo maana wanaosema uhasibu ni namba huwa nawaangalia tu. Hati ya malipo ni swali la kisheria tangu mwanzo: nani kampa nani, kwa idhini ya nani, na kielelezo kiko wapi.

Karibuni. Mlipitaje? Na ada mlitoa wapi?

Hati ya Malipo:

Kaka umenigusa. Mimi ni wa Manyoni, mhasibu msaidizi, nasoma Chuo Kikuu Huria huku nipo kazini. Kilichonisukuma ni kizimba. Niliitwa kutoa ushahidi kwenye kesi ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kile cha kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri. Wakili wa utetezi, suti safi, Kiingereza kinateleza, akaniuliza: "Shahidi, hati ya malipo na stakabadhi si kitu kilekile?" Nikamwambia hapana mheshimiwa, hati inaonyesha fedha imeruhusiwa kutoka, stakabadhi inaonyesha aliyepokea amekiri. Akarudia swali. Nikarudia jibu. Baadaye nikagundua hanitegi, kweli hajui! Na kesi nzima imesimama juu ya hiyo tofauti.

Nilitoka pale nikisema kumbe hawa watu wanatuhitaji.

Ada ni mshahara huohuo. Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15 kwa mkopo wa digrii yangu ya kwanza, kikoba nacho kinadai, kinachobaki ndicho ada. Ukikusudia njia hii ukiwa mwajiriwa, omba ruhusa kwa maandishi mapema. Wakuu wengine wakisikia sheria wanadhani unataka kuwashtaki.

Mla Zabibu:

Mwanasiasa, mhasibu na mwanasheria ndani ya mwili mmoja. TAKUKURU, wazee wa kuzuia rushwa, mpo humu?

Gunia Kumi:

Hahaha, mkuu ndiko naomba ajira nikimaliza.

Kondoa Mjini:

Mimi nipinge kidogo. Uhasibu hauna msaada unaousema, ni vile tu mmeshazoea kukaa na makaratasi. Ukuta wa sheria ni lugha. Mtoto wa shule ya kata ya Kondoa kama mimi anasoma hukumu ya kurasa 40 kwa Kiingereza cha majaji, anatoka na maana nusu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Safi. Mtihani wangu lakini bado ni Kiingereza.

Na msisahau mwisho wa safari ni Shule ya Sheria kwa anayetaka uwakili. Yale matokeo ya 2022 mnayakumbuka: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Wengine sapu (kurudia mitihani), mamia wakadisko (wakaondolewa). Kelele zikawa nyingi mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe. Sasa hapo debiti na krediti zitakusaidia nini?

Hati ya Malipo:

Lugha nakubali, hata mimi nalala na kamusi. Lakini kwenye somo la kodi njoo ukae karibu yangu.

Mpwapwa Kwetu:

Wanangu hamjambo. Nilikuwa diwani wa viti maalumu, sasa nasoma cheti cha sheria, nina wajukuu na wananicheka nikishika daftari.

Mimi nilikuwa naogopa vikao vya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Makabrasha wanakupa jioni, kikao asubuhi. Kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, nilikuwa najua kupiga makofi tu. Siku moja mtumishi kijana, Mungu ambariki, akanionyesha kifungu 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kumbe si hisani ya mkurugenzi, ni lazima! Kikao kilichofuata nikasimama na karatasi yangu, nikauliza marejesho ya vikundi yako wapi na vikundi vyenyewe viko vijiji gani. Ukumbi ukawa kimya. Majibu yalikuja nusunusu. Mikopo yenyewe ikasitishwa nchi nzima 2023, ikarudi mwaka uliofuata.

Kura za maoni zilizofuata sikupita. Sikulia sana. Wanakijiji bado wananijia na migogoro ya mashamba, na tangu 2021 baraza la kata limebaki na usuluhishi tu, haliamui tena. Mtu akishindwa kupatana anatakiwa aende baraza la ardhi la wilaya, nauli hana, maneno ya kule hayajui. Huko ndiko nataka kukaa nao.

Gunia Kumi:

Shikamoo mama. Ukianza kuandika maombi ya mashamba, nitafute nikusaidie kupiga chapa, sitaki hata mia.

Kuhusu ada yangu: bumu (mkopo wa Bodi) sipati, hivyo natunza vitabu vya maduka matatu, Majengo na Sabasaba. Jioni napitia risiti za mashine ya EFD, mwisho wa mwezi naandaa ritani zao za kodi. Chumba Nkuhungu, kwa sababu karibu na chuo kodi inakimbia. Wakati wa mitihani wenye maduka wananivumilia, isipokuwa ritani, hiyo haina uvumilivu.

Kidato cha Sita 2025:

Wakuu samahani, nina ECA, naweza kuomba sheria au nirudie HKL?

Gunia Kumi:

Usirudie kabla hujafungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Vyuo havifanani: kuna vinavyopokea masomo ya biashara kwenye zile principal mbili (masomo mawili ya kufaulu kidato cha sita), na kuna vinavyoangalia alama ya Kiingereza ya kidato cha nne. Kiingereza ulipata ngapi?