Mrejesho: Gold ya ShebaMiles imepatikana, maili za shirika mshirika zimekataliwa

Ndugu zangu, nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza namna ya kufikia daraja la Gold katika ShebaMiles, mpango wa Ethiopian Airlines wa kuwapa wasafiri wake wa mara kwa mara maili (pointi za safari), kwa safari zangu za biashara kati ya Dar es Salaam na Guangzhou.

Nilifuata ushauri wa kuhesabu maili za daraja peke yake, yaani zile zinazompandisha mtu hadi Gold, bila kuzichanganya na zile za kukombolea tiketi. Na kwa kuwa tiketi ya bei ya chini kabisa huingiza maili chache, nilikuwa nikilipia bei ya juu kidogo ndani ya viti vya kawaida (economy) hadi Gold ikapatikana. Kwa mfanyabiashara, faida yake kubwa ni mzigo: Ethiopian imo katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, tangu 2011, na mwenye Gold huongezewa begi moja pale mizigo inapohesabiwa kwa idadi, au kilo 20 pale inapohesabiwa kwa uzito. Ukumbi wa mapumziko pale Bole, uwanja wa ndege wa Addis Ababa, nao humpokea hata mwenye tiketi ya kawaida, pamoja na mgeni mmoja wa ndege ile ile, jambo ambalo mke wangu analisifu kuliko begi.

Kilichoshindikana ni kudai maili za safari niliyopanda shirika mshirika, yaani shirika jingine la ndege linaloshirikiana na Ethiopian. Niliwasilisha pasi ya kupandia kama mlivyonielekeza, lakini nikajibiwa kwamba aina ile ya tiketi haiingizi maili yoyote. Kwa hiyo, anayetaka kupanda mshirika aangalie herufi inayoonyesha aina ya tiketi (booking class) kabla ya kulipa.