Eti nizime feni nijipepee na upepeo wa jiko! Wana Tanga njooni mnishike

Bi_Hasira_Ngamiani (mwenye uzi)

Salamu baadaye. Hapa nilipo sijanywa hata chai na mkono mmoja nimeshika upepeo. Upepeo wa ukili, ule wa kuchochea jiko la mkaa, ncha imeungua, masizi hadi kwenye kijiti. Nimepewa huu. Mimi. Mbele ya watu.

Jina simtaji, mnamjua. Nikisema Ngamiani, chumba cha mbele, TV pana kama mlango wa gereji, mnamjua vizuri sana.

Leo tarehe 19, LUKU imekata saa moja asubuhi. Tumo vyumba sita, kila chumba 10,000, jumla 60,000. Zamani hela hiyo ilitufikisha mwisho wa mwezi bila maneno. Tangu aingize lile liTV lake la mtumba, lililobebwa na vijana wawili wakihema kama wamebeba jeneza, hatuvuki tarehe 20. Tumetoka wote ukumbini na nyuso za usingizi. Nikauliza kwa adabu, wallahi kwa adabu: jamani, hebu tuangalie nani anatumia sana.

Akacheka. Akaenda zake uani, akarudi na upepeo, akanitupia kifuani: "Dada'angu, zima lile lifeni lako, linalia usiku kucha. Jipepee na huu, hauli uniti."

Watu wakaangua kicheko! Mama wa chumba cha nne kacheka mpaka kanga ikamdondoka, na juzi tu kaja kwangu kuazima sukari. UPEPEO WA JIKO, JAMANI. Kanga yangu ya kutokea ina doa la masizi hapa ninapoandika.

Na joto je? Kuta za nyumba yetu hazifiki kwenye bati, kwa hiyo hewa ya chumbani kwake ndiyo hiyo hiyo ya kwangu. Kaskazi lote hili, lile liTV likishawashwa, kwangu unaweza kuanika dagaa juu ya kabati na jioni wamekauka. Feni yenyewe nawasha kwa sababu ya TV yake! Halafu ananipa upepeo.

Jumapili nyumba nzima walikwenda harusini Pongwe, nikabaki peke yangu. Kumbe bwana kaondoka kaacha TV inawaka, paka ndiye mtazamaji. Friji hatuna, nikazima feni, nikazima taa, nikasimama mbele ya mita. Ile taa nyekundu ilikonyeza, nikahesabu hadi kumi na mbili, ikakonyeza tena. Kumi na mbili, tena. Nilihesabu mpaka shingo ikauma. Leo nilitaka kuyasema hayo, nikapigwa upepeo kabla sijafungua mdomo.

---

Mla_Urojo

Nimeweka kiti mbele. Uzi huu ni wa moto kuliko hiyo TV.

Kengele_Mbili

Huyo si yule mwenye baiskeli nyekundu ya kengele mbili, akipita barabara ya kumi na mbili lazima azipige zote?

Bi_Hasira_Ngamiani

Huyo huyo. Sijasema kitu mimi.

Fundi_Chumbageni

Dada, hiyo hesabu yako ya taa nyekundu ni dhahabu, usiidharau. Tazama usoni mwa mita, ukikuta imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake ikikonyeza mara elfu moja uniti moja imeondoka. Kila sekunde kumi na mbili ni mara 300 kwa saa, yaani wati 300. Feni ya meza ni kama wati 50 tu, ingekuwa peke yake ungehesabu hadi sabini na mbili ndipo ikonyeze.

Swali: ni inchi 50, nzito, nyuma kuna matundu yanayotoa hewa moto?

Bi_Hasira_Ngamiani

Ndiyo! Ukisogeza mkono nyuma yake ni kama umefunua sufuria ya wali.

Fundi_Chumbageni

Basi hiyo ni plasma, TV bapa za kizamani. Viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza 2013 na 2014, zilizobaki ndizo zinazotufikia kwenye mitumba. LED, hizi TV za siku hizi, ya ukubwa huo ni wati 100 au chini yake. Plasma kila nukta ya kioo inajiwakia yenyewe, kwa hiyo picha ikiwa nyeupe inakula zaidi. Mpira wa mchana unaila LUKU kuliko filamu ya gizani. Na umeme wote unaoingia humo mwisho wake ni joto chumbani. Wati 300 ni sawa na kukaribisha wageni watatu wakae kimya chumbani kwako kutwa nzima, miili yao inatoa joto hilo hilo.

Ikiwaka muda wa saa kumi kwa siku ni uniti 3. Mwezi, uniti 90. Nyumba ya matumizi madogo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, nyumba nzima! Sasa 60,000 yenu inawapa kama uniti 168. Yaani kwa mwezi mzima TV yake peke yake, yeye na paka wakitazama, inataka zaidi ya nusu ya hizo.

Bi_Hasira_Ngamiani

ZAIDI YA NUSU. Na upepeo nikapewa mimi.

Mzee_wa_Mikanjuni

Binti yangu, mimi nimesoma yote. Lakini upepeo una kosa gani? Sisi tumekua na upepeo.

Mla_Urojo

Ungemrudishia na mahindi mawili, achome nyuma ya TV.

Mpenda_Haki_Tanga (amejiunga leo)

Naona watu wanahukumu upande mmoja. Kila mtu ana haki ya kutazama TV chumbani kwake. Halafu lile feni linalia kriii kriii usiku kucha kama punda mwenye njaa, na huyo dada anachelewa kulipa mchango kila mwezi.

Kengele_Mbili

Mkuu, umejuaje linalia kriii kriii? Yeye hakuandika kriii kriii.

Mla_Urojo

Amejiunga leo 😂😂😂 Shikamoo mwenye TV!

Bi_Hasira_Ngamiani

NI YEYE. Nimesikia simu yake inalia ukutani hapo hapo alipotuma. Mimi nachelewa kulipa? Nililipa tarehe 2, wewe ulilipa tarehe 6 na ukatoa elfu nane!

Fundi_Chumbageni

Bwana Mpenda Haki, kama upo, ingia kwenye mipangilio ya picha. TV nyingi za mtumba bado zimewekwa mwanga mkali wa dukani. Punguza huo mwanga, joto na uniti vyote vitashuka. Na usiku izime kabisa, usimwachie paka.

Mke_wa_Duga

Nyie mna TV tu. Kwetu kuna mtu anapiga pasi sare za watoto watano, moja moja kila asubuhi, pasi inapoa inawashwa tena. Pasi ni wati 1000 na zaidi.

Kijana_Makorora

Pasi ni afadhali. Sisi tuna mama anauza barafu, friza mbili, mchango anatoa sawa na mimi mwenye balbu moja na chaja ya simu. Nikisema, ananipa barafu ya ukwaju bure nanyamaza. Nimeshanyamazishwa mara kumi na nne mpaka leo.

Mke_wa_Duga

Ya ukwaju au ya ubuyu?

Kijana_Makorora

Ya ukwaju. Ya ubuyu anauza, hagawi.

Baharia_Mstaafu

Mwenye nyumba wangu ana pampu ya maji imeungwa kwenye mita ya wapangaji. Anamwagilia michungwa. Nikiuliza anasema subiri msimu, utakula machungwa. Mwaka wa tatu huu.

Kijana_Makorora

Machungwa ya Muheza au miche ya wapi? Baba yangu anatafuta miche.

Bi_Hasira_Ngamiani

Jamani, uzi ulikuwa wa upepeo.

Mzee_wa_Mikanjuni

Hapo umenikumbusha. Upepeo mzuri wa ukili siku hizi unapatikana wapi? Wa nyumbani umekatika kijiti, na hivi vipande vya boksi havichochei mkaa.

Mke_wa_Duga

Sokoni Ngamiani, mzee wangu, kwa wale akina mama wauza mikeka. Chagua wenye mshono mara mbili.

Mzee_wa_Mikanjuni

Ahsante mwanangu. Ukipita nichukulie miwili.