Mdogo wangu ameitwa umisionari Zambia miaka miwili, na bibi yetu Wete ni mgonjwa. Tumpe radhi?

Dada wa Mwera (mleta uzi)

Salaam nyote, na shikamooni wakubwa. Naomba ushauri wa watu wazima, wenye kejeli naomba mnipishe.

Sisi ni Wakristo wa Pemba. Babu alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu, akaoa, akabaki. Kwetu ni Wete. Mie naishi Mwera, Unguja, nafanya kazi hoteli upande wa Paje. Baba hayupo duniani. Mdogo wetu wa mwisho ndiye mwanamume peke yake. Nilimpeleka Dar kwa mjomba amalizie skuli, na huko akaingia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa watu wanaowaita Wamormoni. Mama ni Mkatoliki na hakupiga kelele. Alisema bora kanisani kuliko vijiweni.

Sasa kamaliza Kidato cha Sita, ana miaka 19, na kaletewa barua ya wito: Zambia, miaka miwili. Hakuchagua yeye nchi, kapangiwa. Mshahara hakuna. Nauli anasema wanatoa wao. Kabla ya hapo anapitia mafunzo Afrika Kusini.

Roho yangu inakataa kwa mambo matatu. Kwanza, jirani yetu binti yake alipelekwa Uarabuni na wakala, pasipoti ikashikwa, mpaka leo kurudi ni mtihani. Nikisikia "safari, utapangiwa, usiulize" mwili unanisisimka. Pili chuo. Tatu, na hili ndilo haswa, bibi yetu Wete hali yake si nzuri, na yeye ndiye kamlea huyu kijana. Bibi akiondoka, watamwachia aje kuzika? Nimemuuliza, akaangalia chini.

Na bibi keshamkasirikia, maana safari hii alipokwenda Pemba alikataa chai. Ati dini yao hairuhusu chai wala kahawa. Bibi kasema huyu si mjukuu wangu, wamembadilisha.

Kijiwe Hakilali

Hao si ndio wale wa wake wengi? Mwachieni aende, akirudi huku atakuta wenzake tuko kwenye foleni 😂

Mwalimu Mstaafu

Kijiwe, umeambiwa upite pembeni. Kanisa hilo liliacha rasmi ndoa za wake wengi mwaka 1890, na leo anayeoa wa pili wanamtoa. Tuendelee.

Binti yangu, nikujibu la chuo kwa kuwa ndilo nililolifanyia kazi. Cheti cha Kidato cha Sita hakiozi. Kinachooza ni nafasi na mkopo. Akiomba chuo sasa akapata kisha akaondoka kimya, asidhani kiti kitamngojea. Kama tayari kasajiliwa, aandike barua ya kuahirisha masomo apate jibu la maandishi. Kama hajaomba, asiombe kabisa, aombe akirudi. Kuhusu mkopo, mwongozo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) umekuwa ukitaka mwombaji awe amehitimu ndani ya miaka mitano, kwa hiyo miaka miwili bado yumo, lakini asirudi tena akakaa nyumbani mwaka mwingine "anajipanga". Nyinyi Wazanzibari mna na Bodi ya Mikopo yenu ya Zanzibar, muiulize mapema.

Vyeti halisi vibaki kwa mama. Abebe nakala.

Nilivaa Kibao

Dada, mie nilitumikia misheni hiyohiyo, si Zambia bali Ghana. Nitakwambia nilivyoishi, uamuzi wenu.

Kila mmisionari ana mwenzake, na hamwachani. Sokoni wawili, kanisani wawili, kwa mgonjwa wawili. Shati jeupe, tai, kibao cheusi cha jina kifuani. Kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kusoma maandiko, kutoka, kurudi jioni, kulala saa nne na nusu usiku. Mchumba hakuna kwa miaka yote miwili. Siku moja ya wiki, mara nyingi Jumatatu, ni ya kufua, sokoni, mpira kidogo na kupiga simu nyumbani. Zamani kupiga simu ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu. Tangu Februari 2019 kila wiki unaruhusiwa kuongea na familia, na video pia. Hilo lishike, kwa sababu ndilo linalotofautisha na huyo binti wa jirani yenu: ikipita wiki hamjasikia sauti yake, mna haki ya kuuliza.

Mshahara kweli hakuna. Ni kinyume chake, mmisionari na familia yake huchangia kila mwezi, na kwa sisi wa nchi zetu mchango huwa mdogo, pengo linajazwa na mfuko wa kanisa. Muulizeni kiasi gani kinatakiwa kwenu na nani atalipa, msije mkashtukizwa katikati. Anatakiwa pia kupimwa afya na meno kabla ya kuondoka. Kama alikwepa daktari wa meno, ndio wakati wake.

Hafungwi. Vijana wengine hurudi kabla ya muda, kwa ugonjwa au kwa kushindwa, na ofisi ya misheni huwasafirisha. Kinachouma ni macho ya watu kanisani, si sheria. Kwa hiyo mwambieni toka sasa, kwa mdomo, kwamba akirudi hata baada ya miezi mitatu, nyumbani ni nyumbani.

Kuhusu msiba, nitakuwa mkweli. Kawaida mmisionari habebwi kurudi kuzika. Rais wa misheni (kiongozi wa wamisionari wa eneo hilo) anakaa naye, anapewa nafasi ya kuzungumza na ndugu, anafuatilia mazishi kwa simu, kisha kazi inaendelea. Akisisitiza kurudi atarudi, ila inaweza kuwa misheni yake imeishia hapo. Mie babu yangu alifariki nikiwa Kumasi. Mwenzangu, kijana wa Nigeria, alikaa na mie kibarazani usiku mzima, akanipikia uji ambao haukuwa uji. Nyumbani waliniwekea simu karibu na jeneza. Sikurudi. Dada yangu alinikasirikia muda mrefu, na sikumlaumu.

Mchungu wa Ng'ambo

Mbona hamsemi yote? Kanisa hilohilo mpaka 1978 halikuwapa watu weusi ukuhani. Leo ndio linawatumia watoto wetu wafanye kazi bure. Utajiri wote ule wa Utah, Marekani, kwenye makao yao makuu, anashindwa kulipwa hata posho?

Nilivaa Kibao

La 1978 ni kweli na sitalipamba. Juni mwaka huo ndipo zuio lilipoondolewa, na mtu akikataa kujiunga kwa sababu ya historia ile, mie simbishii. Lakini "bure" ni hali ya wote. Mtoto wa daktari kutoka Utah halipwi kama nisivyolipwa mie. Tulikuwa tunakula dagaa sahani moja, yeye akilalamika zaidi.

Baba Mkoani

Waalaykum salaam. Mimi Muislamu, hayo ya imani yao siyaungi mkono na sitayajadili hapa. Nazungumza kama mzazi.

Mwanangu alitoka khuruji, yaani safari ya kulingania dini, na jamaa wa Tabligh. Alianza siku tatu, ikafika siku 40, kisha akaniambia miezi minne, India, Nizamuddin. Na yeye kwa gharama zake, hakuna wa kumlipa. Mama yake alilia maneno hayahaya ya kwako: watamshika, watambadilisha, nikifa je. Sikumkataza. Nilimwekea masharti, na haya mnaweza kuyatumia.

Nilitaka kumjua amiri wake, kiongozi wa msafara, jina na namba, na nikaongea naye mwenyewe. Nilimtaka alipe madeni yake yote, hata la duka la mtaa. Nilimtaka aache matumizi ya wanaomtegemea, kwa sababu kwetu hutoki kwenda kulingania watu huku nyumbani wameachwa na njaa. Na nikamwambia pasipoti yako usiikabidhi kwa mtu usiyemjua, na ukikabidhi kwa ajili ya vibali, nataka kujua iko kwenye kabati la nani. Huyo mdogo wako muulize hilo la mwisho. Ofisi ya misheni ina anwani na ina rais wake, na Lusaka tuna ubalozi wetu. Wakala wa Uarabuni kazi yake ni kukuficha namba.

Ana miaka 19, dada. Ruhusa haihitaji. Radhi ndiyo anayoitaka, na radhi mnaweza kuitolea masharti.

Bi Mkubwa wa Limbani

Mwanangu, mimi niko Wete, huenda bibi yako tunajuana, usinitajie.

Hilo la chai mmelikuza bila sababu. Hao wanakatazwa chai ya majani na kahawa. Mchaichai wanakunywa. Tangawizi, mdalasini, wanakunywa. Pemba hii mtu akose mchaichai? Arudi kwa bibi yake kabla hajasafiri, aukate mwenyewe uani, auchemshe mwenyewe, amtilie bibi na yeye anywe kikombe hichohicho. Bibi hakukasirikia dini, alikasirikia kukataliwa mkono wake. Kwetu mgeni hakatai cha moto, sembuse mjukuu.

La kuzika. Watoto wangu wawili wako Unguja, si Zambia, Unguja hapo. Baba yao alipofariki ilikuwa kipupwe, kusi limekaza, boti haikuja. Sisi tunazika siku ileile. Walifika kesho yake, kaburi limeshafunikwa. Nyinyi Wakristo mnasubiri siku mbili tatu, lakini kutoka Lusaka mpaka Wete ni ndege, ndege, boti na gari, na nani atatoa pesa hiyo usiku mmoja? Hata angekuwa na kazi ya kawaida huko Lusaka, tajiri wake akimpa ruhusa, bado angeweza asiwahi. Kwa hiyo msimpime kwa kuwahi maziko.

Cha kufanya ni kumuuliza bibi mwenyewe. Mnamzunguka kama mtoto. Mgonjwa anajua hali yake. Kijana akae naye siku kadhaa, si kupita na begi mgongoni, amwambie "bibi, nikiondoka huenda nisikuone." Aseme hivyohivyo. Bibi akisema nenda, amempa. Akisema ningoje, basi aombe kuahirisha tarehe ya kuondoka.

Nilivaa Kibao

Bi Mkubwa kasema. Na inawezekana: tarehe ya kuanza inasogezwa kwa sababu ya familia. Azungumze na askofu wake (kwao ndiye kiongozi wa kusanyiko la mtaani, si askofu wa mitra) kabla tiketi haijakatwa. Ikishakatwa inakuwa maneno.

Mchungu wa Ng'ambo

Bado nasema asiende. Ila la mchaichai nimelipenda.

Dada wa Mwera

Nimesoma yote, ahsanteni sana. Baba Mkoani, masharti yako nimeyaandika kwenye karatasi, na hilo la matumizi limenigusa kwa sababu mie ndiye ninayebaki na mzigo. Nimempigia mdogo wangu leo. Namba ya ofisi ya Lusaka kanitumia, na jina la rais wa misheni. Pasipoti hajui itakaa wapi, nimemwambia aulize anijibu kwa maandishi.

Chuo alikuwa keshaomba bila kuniambia. Mwalimu Mstaafu, hilo tutalifuatilia wiki hii.

Kuhusu bibi nimemwambia apande boti ya Jumamosi, akae. Mama anakwenda naye. Radhi yangu nimeiweka mkononi mwa bibi. Akimwambia angoje, atangoja, kakubali kwa mdomo wake. Sijui itakuwaje.

Dereva Tunduma

Nimechelewa kuuona uzi. Mimi njia ya Dar–Lusaka naijua, Tunduma, Nakonde, mpaka kule. Zambia si mwezini, dada. Kuna basi, na kuna reli ya TAZARA inayoishia Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar. Mkitaka kwenda kumwona mtaambiwa msimtembelee, wamisionari hawapokei wageni wa nyumbani, lakini kujua kwamba njia ipo kunatuliza moyo.

Jambo moja ambalo hamkuligusa: baridi. Lusaka iko juu, mita kama 1,280 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, usiku, mtoto wa Pemba atalia. Sweta mbili nzito, za rangi ya kiza kwa sababu ya hayo mavazi yao, na soksi za kulalia. Mkapekue mitumba Darajani asubuhi mapema, msisubiri akanunue kule.