Houston: hudaiwi na mtu, ndiyo maana hupangishwi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Anayetaka lugha laini apite uzi mwingine.

Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Houston. Mshahara unafika mara tatu ya kodi kama wanavyotaka, sina deni, na sijawahi kuchelewesha kodi tangu nifike Marekani. Wiki hii nimekataliwa tena apatimenti ya chumba kimoja, tena ya kawaida kabisa. Barua inasema historia yangu ya krediti haitoshi. Siyo mbaya, HAITOSHI. Yaani kosa langu ni kutokopa!

Kwa mlioko nyumbani: huku mtu anapimwa kwa skoa, kati ya 300 na 850, inayotokana na taarifa zilizoko Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za madeni ya watu. Kwenye skoa ya FICO, kampuni inayotengeneza skoa inayotumika sana, asilimia 35 ni jinsi unavyolipa madeni, 30 ni kiasi unachodaiwa, 15 ni muda uliokaa kwenye mikopo. Mkopo wa benki niliomaliza kulipa Dar hauhesabiki huku. Mgeni haanzi hata na hiyo 300, hana skoa kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kodi ninayolipa kila mwezi kwa kawaida haiingizwi popote, kwa sababu mwenye nyumba halazimiki kuiripoti. Ila ukikwama, deni likapelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, linaweza kukaa kwenye ripoti yako miaka 7. Sasa uaminifu wangu nimuonyeshe nani?

Halafu ada ya maombi. Kila jengo lina yake, dola 50, wengine 75, kila mtu mzima alipe, na hairudi. New York waliweka kikomo cha dola 20 mwaka 2019. Texas kila mtu na bei yake. Ukikataliwa unaambiwa leta mdhamini au ongeza amana. Wasiouliza krediti ni moteli za kulipa kwa wiki, na nilizoulizia, ukipiga hesabu ya mwezi zinapita kodi ya hiyo hiyo apatimenti niliyonyimwa. Dalali wa Sinza kule Dar atakula kodi ya mwezi mmoja na mwenye nyumba atataka ya miezi sita mkononi, sawa, lakini usiku unalala ndani!

Na msije na "fungua kadi ya krediti ya kuweka amana", ile unayoweka pesa yako benki kwanza kama dhamana ndipo ukope. Nimefungua. FICO wanataka akaunti ifikishe miezi 6 ndipo wakupe skoa. Hiyo miezi nilale wapi?

Sheria ya ripoti za krediti ya mwaka 1970 inasema ukikataliwa kwa sababu ya ripoti, lazima utajiwe kampuni iliyoitoa, na una siku 60 za kuomba nakala bure. Hilo nimefanya. Sheria ya Texas nayo inasema mwenye nyumba asipokuonyesha vigezo vyake kwa maandishi, kisha akakukataa, arudishe ada. Mimi sikuonyeshwa kigezo hata kimoja. Nimewaandikia, kimya.

Aliyewahi kudai ada hapa Texas na akarudishiwa aseme alipitia wapi. Na anayemjua mwenye nyumba binafsi, mitaa ya Alief au Sharpstown hapa Houston, anayekubali slipu za mshahara na barua ya mwenye nyumba wa zamani, aje inbox. Wale wa "rudi, nyumbani kumenoga" msijisumbue.