Mvinyo wa chakula cha Krismasi: mwekundu wa Dodoma, Chenin Blanc au ule mtamu?

MpishiWaTabata
Habari za jioni wakuu. Tarehe 25 nina wageni 14 nyumbani, wanaokunywa ni wanane. Napika pilau ya mbuzi, kuku wa kuchoma aliyelowekwa kwenye ndimu na tangawizi, changu wa kupaka, na kachumbari yenye pilipili mbuzi. Nimebaki na njia tatu: mwekundu mkavu (usio na utamu) wa Dodoma, mweupe wa Chenin Blanc ya Afrika Kusini, au mwekundu mtamu tunaoukuta kwenye kila send-off. Bajeti ni chupa sita. Mwaka jana niliweka mwekundu mkavu mtupu, zikabaki chupa nusunusu na shangazi yangu akamiminia soda kwenye glasi yake. Safari hii nataka watu wanywe wafurahi.

Mtoto_wa_Bihawana
Mkuu, Dodoma kwanza. Nimekulia kwenye mizabibu, najua jasho lililo ndani ya ile chupa. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu za msimu wa mvua, zile za Machi, husumbuliwa sana na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu. Za Agosti na Septemba hukomaa kwenye jua kavu, sukari inapanda vizuri. Zabibu ya kwetu inaitwa Makutupora, nyekundu iliyoiva hadi inakaribia weusi, na mvinyo wake una nguvu ya kusimama na nyama ya mbuzi. Na nyama siku zote ni mwekundu.

Baharia_Tanga
Ndugu yangu wa Dodoma, kwa mbuzi wa kuchoma na chumvi nakuunga mkono. Kwa meza hii hapana. Nimepika hotelini miaka mingi na nimejifunza kwamba nyama siyo inayoamua, kinachoamua ni kilichopakwa juu yake na kilichowekwa pembeni. Mwekundu mkavu una tanini, ule ukakasi unaoupata kwenye chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni hadi ikawa nyeusi. Ukiugonganisha na pilipili mbuzi, mdomo unawaka na mvinyo unakuwa mchungu. Tena kilevi kikiwa kingi, moto wa pilipili unazidi.

Chenin Blanc ina uchachu wa asili unaokata mafuta ya tui, na haiogopi ndimu. Zabibu hiyo asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, ila leo Afrika Kusini wanailima kuliko Ufaransa yenyewe, ndiyo maana ni rahisi kuipata huku kwetu. Tafuta yenye utamu kidogo, siyo kavu kabisa. Utamu kidogo unatuliza pilipili.

DadaWaNakuru
Salamu kutoka Nakuru. Nakubaliana na Baharia kuhusu mweupe. Hapa kwetu ningeweka Sauvignon Blanc ya Naivasha kwa yule samaki. Lakini mbona hakuna aliyetaja wa mapovu? Ni Krismasi jamani! Si lazima iwe shampeni, hiyo ni ya mkoa wa Champagne pekee na bei yake inauma. Tafuta chupa iliyoandikwa Cap Classique, ya Afrika Kusini. Inachachushwa mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, kama wanavyofanya Champagne. Chupa moja ya kufungulia, kabla watu hawajakaa, na kitu cha kukaanga pembeni kama sambusa. Chumvi na mafuta vinapendana sana na yale mapovu.

Na wasiokunywa wasipewe maji matupu kama adhabu. Juisi ya rozela iliyopoa, kwenye glasi zilezile.

MzeeWaMachame
Wanangu, msidharau ule mtamu. Mama zetu wanaupenda na hiyo ni nyumba yao. Kosa ni kuuweka na wali. Uwekeni baada ya chakula, pamoja na keki yenye zabibu kavu, uwe baridi. Mvinyo mkavu ukinywewa na keki unageuka siki mdomoni.

MpishiWaTabata
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Jumapili nimejaribu. Nimepika pilau nusu kilo na kachumbari kamili, nikafungua mwekundu mkavu mmoja na Chenin moja. Pilau peke yake na mwekundu: nzuri kabisa, karafuu na mdalasini zinasikika zaidi. Nikaongeza kijiko cha kachumbari, ule mwekundu ukaisha ladha na koo likawaka. Chenin haikuyumba hata nilipoongeza pilipili.

Mwekundu ule nilikuwa nimeutoa kabatini, na Dar ya Desemba mnaijua. Nikaurudisha kwenye friji dakika 40, nikaonja tena. Ukakasi ulikuwepo, lakini harufu ya pombe iliyokuwa inapanda puani ilikuwa imetulia. Kumbe mwaka jana tulikuwa tunakunywa mvinyo wa moto.

Baharia_Tanga
Hapo umeshika penyewe. Wanaosema mwekundu unywewe kwa joto la chumba wana vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18. Sebule yako inafika 30. Siku yenyewe friji itajaa, kwa hiyo weka ndoo yenye barafu, maji na chumvi ya jikoni kiganja kimoja. Barafu tupu haiigusi chupa pande zote, maji ndiyo yanayobeba ubaridi. Mweupe dakika 20, mwekundu dakika 10.

Mtoto_wa_Bihawana
Nimekubali kuhusu kachumbari. Ila angalau chupa moja ya nyumbani iwepo mezani, na umpe yule atakayekula mbuzi bila pilipili.

MpishiWaTabata
Mbili, mkuu. Nimenunua Chenin mbili, Dodoma mbili, Cap Classique moja, na mtamu mmoja kwa ajili ya keki. Chupa moja inatoa glasi tano, kwa hiyo glasi 30 kwa watu wanane. Ile ya mtamu nitaifungua mbele ya shangazi mwenyewe.